Kuchagua Programu ya Hesabu kwa Duka la Maandazi

Nilipokuwa bado kazini, nikifika katika duka la mtu anayetaka nimchagulie programu ya hesabu, kitu cha kwanza nilichoomba kilikuwa kiti. Sikuomba kompyuta, sikuomba vitabu, na soda nilikunywa baadaye. Kiti tu, na pembe ambayo sitamzuia mteja kupita. Wenye maduka walinitazama wakidhani nimekuja kupumzika. Walimtegemea mtaalamu mwenye mkoba wa ngozi, aingie, agongegonge vitufe, kumbe wamepata mama mnene aliyekaa kando ya magunia, macho nusu yamefumba, anatazama mlangoni kama mtu anayengoja mvua ipungue.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoingia sasa katika kazi hii, wenye simu zinazojua kujumlisha kuliko mimi. Kuhusu kubonyeza sina la kuwafundisha. Nataka kuwapa habari za kile kiti, na za duka moja la maandazi pale Nsambya, mjini Kampala, ambako mwanamke mmoja alibakiza siku chache tu apelekwe polisi kwa sababu ya programu ya hesabu.

Kiti nilifundishwa na Mzee Mukasa wa Mengo. Mimi ni mtu wa Busia, upande wa Kenya. Vita vilipokwisha Uganda na barabara ikafunguka, mjomba wangu aliyekuwa akiuza vipuri vya baiskeli Kampala aliniita, akanitafutia kazi kwa mzee huyo aliyeshika hesabu za maduka madogo: la vitambaa, la dawa, la mafuta ya taa. Kampala ya siku zile ilikuwa na ukimya wake. Maduka yalikuwa na kaunta nzuri za mbao na rafu tupu, na ukipiga chafya ndani, sauti inakurudia. Mzee Mukasa aliingia, akavua kofia, akaiweka juu ya gunia, akakaa, akasinzia. Mimi nimesimama na penseli yangu nimeichonga tayari, naona aibu kwa niaba yake.

"Kaa kwanza, muwala," aliniambia, maana ndivyo Waganda wanavyomwita msichana. "Kitabu iko. Kitabu haina miguu, haitoroki."

Tulipotoka nje ndipo aliponieleza aliyoyaona akiwa amesinzia. Mwenye duka huchukua sabuni ya nyumbani bila kumwambia mtu. Mteja mkubwa kuliko wote haingii mwenyewe, hutuma watu. Mizani imewekwa mahali penye upepo. Yote yaligusa hesabu, na hakuna hata moja lililokuwa limeandikwa popote. Nilimpenda sana mzee yule. Mpaka leo nikisinzia mchana kwenye kibaraza changu naiona kofia yake, na inanichukua muda kujua kwamba niko nyumbani na nimestaafu.

Halafu kompyuta zikaja. Zilikuja polepole, moja moja, zikiwa zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama redio za zamani, na kila mwenye duka akatamani kuwa nayo hata kama hajui ataifanyia nini. Pamoja nazo wakaja wauzaji wa programu. Wengine walikuwa watu wazuri. Wengine walikuwa watu wazuri wenye haraka.

Mengo palikuwa na muuza vifaa vya ujenzi aliyenunua programu kwenye sidii kwa bei ya kutupa. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya hoteli. Hakuambiwa, naye hakuuliza. Basi kila mteja akinunua saruji, programu inataka kujua amelala chumba gani, na isipopewa chumba haitoi risiti. Nilipofika nilikuta mafundi wa Mengo nzima wamegawiwa vyumba. Fundi Lule alikuwa chumba cha nne, yeye na mifuko yake ya saruji, na kwa hesabu za mashine alikuwa hajatoka humo tangu Krismasi. Nilisema programu hiyo iondolewe. Mwenye duka akasita, uso umemwingia huzuni.

"Nnyabo," akaniuliza, yaani mama kwa Kiganda, "ukitoa vyumba, hawa watu nitawaweka wapi?"

Na Wandegeya, karibu na chuo kikuu, kulikuwa na duka la kuchapa na kujalidi kazi za wanafunzi. Neno la siri la programu alilijua mpwa wa mwenye duka peke yake, na mpwa akapata kazi Juba. Msimu wa wanafunzi kumaliza masomo ukafika, foleni imetokea barabarani, na mashine imekaa kimya inaomba neno la siri. Walijaribu jina la mpwa, la mama yake, la timu yake ya mpira. Kumbe lilikuwa jina la msichana wa hosteli aliyemkataa. Mpwa alilitoa kwa simu baada ya kubembelezwa sana, na hata hivyo alilitamka kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo usianze na rangi za programu, wala picha zake za duara zinazozunguka. Mwulize muuzaji umeme ukikatika katikati ya kuandika utakuta nini ukirudi. Mwulize ukiachana naye mwaka kesho hesabu zako utatoka nazo vipi. Mwulize nani ataendesha mashine siku unaumwa malaria. Na usikubali akuonyeshe ile kampuni yake ya mfano, maana kampuni ya mfano haijawahi kupata hasara tangu izaliwe. Mpe wiki yako mbaya kuliko zote, ile ambayo unga uliloa na mteja akarudisha mzigo, umtazame anavyohangaika nayo.

Sasa nije Nsambya.

Mzee Barasa alikuwa Mkenya kama mimi, mtu wa Bungoma, aliyekuja Kampala kukaanga maandazi akabaki. Duka lake lilikuwa chini ya kilima cha misheni, kwenye njia inayotoka nyumba za polisi na za reli. Nyuma ni jiko lenye karai kubwa, mbele ni kaunta. Asubuhi harufu ya hamira na mafuta ilishuka barabarani pamoja na ukungu, na watu waliokuwa wakienda kazini walipunguza mwendo bila kujua. Nimefanya kazi katika maduka mengi, lakini lile ndilo ninaloliota.

Kwenye kaunta kulikuwa na mtu mmoja tu, Akello, mwanamke wa kaskazini, mrefu, mkimya, mke wa konstebo. Yeye alikuwa Mkatoliki na mumewe Mwislamu, na Ramadhani ikifika alimwandalia mumewe futari nzuri, naye chakula chake cha mchana alikila nyuma ya mlango kwa heshima. Walikaa na watoto wao katika nyumba ya polisi, chumba kimoja chenye pazia katikati. Chumba hicho walikipata kwa sababu ya kazi ya mume, na hawakuwa na kingine Kampala.

Mzee Barasa aliniita kwa sababu ya kijana aliyeitwa Kizza. Kizza aliuza programu za hesabu, alivaa tai na viatu vilivyochongoka mbele, na alikuwa amemwachia mzee mashine na programu kwa mwezi mmoja wa majaribio.

"Nnyabo, hii programu inajua kila kitu," aliniambia tulipokutana. "Hata kuku ikiingia dukani, inaandika. Mzee sasa atarara usingizi."

Lakini Mzee Barasa hakuwa analala. Jikoni wapishi waliandika maandazi yaliyotoka, Akello akaandika yaliyouzwa, na jioni mashine ikatoa tofauti. Kila jioni tofauti hiyo ilikuja kwa rangi nyekundu. Miaka yote kabla ya hapo mzee alijua biashara inakwenda kwa sababu alimudu kununua unga tena. Sasa alikuwa amepata nambari, na nambari ilikuwa imemwingia mwilini kama homa.

"Mama Nekesa," akaniambia, na hilo ndilo jina ninaloitwa tangu nilipomzaa Nekesa, "maandazi yanapotea. Kila siku! Na kwa kaunta ni mtu mmoja peke yake. Wewe fanya hesabu."

Hakuteremsha sauti, na Akello alisikia kila neno. Mzee alikuwa ameyasema hayohayo siku mbili nyuma mbele ya foleni ya wateja, akamwita mwizi kwa jina, akaongeza kwamba sababu isipopatikana, Jumamosi atampeleka kituoni.

Nilimfuata Akello pale kaunta. Alikuwa akipanga trei na hakuniangalia.

"Madam, mimi sijachukua kitu ya mtu," akasema. "Hata moja. Sasa kwa bomba ya maji, wanawake ya polisi wananyamaza nikifika. Wakubwa ya bwana yangu wamesikia. Kama mimi naingia selo, hii nyumba wanachukua. Watoto nawapeleka wapi?"

Mzee Barasa alikuwa ameniita nimwambie kama programu ya Kizza inafaa kununuliwa, lakini tulikuwa tumefika mahali pengine kabisa. Programu ikiwa nzuri, basi Akello ni mwizi. Akello akiwa mwaminifu, basi programu ni ya kurudishwa. Nilitakiwa kuchagua kati ya mashine na mtu, na nilikuwa nimepewa mpaka Jumamosi.

Nilianza kwa maswali, kama mtu yeyote. Nilisimama jikoni nikahesabu trei zinavyotoka, na waliyoandika yalikuwa sawa. Nilimwuliza Akello kama kuna mtu anampa bure.

"Bure? Aa, madam. Nawezaje kupa mtu kitu ya mzee bure?"

"Watoto wako hawapiti hapa wakitoka shule?"

"Wanapita kwa ile barabara ingine. Niliwakataza, mtu asije akasema."

Nilimwuliza mzee mwenyewe kama huwa anakula.

"Mimi nikila nalipa," akasema, akatoa risiti mfukoni kunionyesha, akijivuna kidogo.

Hakuna aliyekuwa anadanganya. Ukishika hesabu za watu miaka mingi unaijua sauti ya anayedanganya, huwa ina maelezo mengi. Hawa walijibu kwa ufupi. Hapo ndipo nilipoomba kiti.

Ilikuwa alasiri, na mvua ya Kampala ikaanza, ile isiyobisha hodi. Kaloli, wale korongo wakubwa wa mjini, walikuwa wamesimama juu ya bati la nyumba ya pili, mabega juu, shingo ndani, maji yanawamwagikia na hawajali. Nilikaa kando ya magunia ya unga. Nilikuwa nimenunua maandazi ya kupeleka nyumbani, yako mapajani mwangu ndani ya karatasi ya gazeti, bado ya moto, na joto lake likanipanda polepole mpaka kifuani. Mvua ikapiga bati. Kidogo kidogo nikatoka pale. Nilikuwa Busia, mdogo, mama anakanda unga kwenye sinia na mikono yake ni myeupe hadi kwenye viwiko, na nje malori ya mpakani yanaunguruma yakisubiri. Halafu nikawa Mengo, katika duka lisilo na bidhaa, na Mzee Mukasa amevua kofia. Watu waliingia na kutoka mbele yangu kama walio nyuma ya pazia la maji. Mkono wangu ukaingia ndani ya karatasi wenyewe, ukatoa andazi, nikaanza kutafuna.

Akaingia Mama Nakato, aliyekuwa akiuza chai nje ya geti la hospitali, akijipangusa maji usoni. Akataka maandazi kumi. Akello akahesabu kumi, akapokea pesa, akabonyeza kumi kwenye mashine, akakunja karatasi. Kisha, akiwa tayari anamsalimia mteja wa nyuma, mkono wake ukarudi kwenye trei, ukachukua andazi jingine, ukalisukuma ndani ya karatasi. Mama Nakato hakusema asante kwa hilo. Hakuna aliyetazama. Mimi mwenyewe niliona bila kuona, na ningeendelea na ndoto yangu kama meno yangu hayangesimama ghafla.

Nilifungua karatasi iliyokuwa mapajani. Nilikuwa nimelipia sita. Nikahesabu yaliyobaki, yakawa sita. Na jingine lilikuwa mdomoni.

Wewe wa Kampala umeshanielewa. Kwa anayesoma kutoka mbali, ile ni nyongeza. Hapa ukinunua nyanya, mchele, misumari, chochote, muuzaji aliyelelewa vizuri hukutilia kidogo juu ya ulicholipia, baada ya kupima na kuhesabu. Hakuiti kugawa bure, wala kupunguza bei. Ni kama kumsindikiza mgeni hatua chache nje ya mlango. Hakuna anayesema amesafiri. Ndiyo maana nilipomwuliza Akello anampa nani bure alisema hampi mtu, na alisema kweli. Mzee Barasa alikuwa amepokea nyongeza maisha yake yote na haikumjia akilini. Kizza, kijana wa palepale mjini, alinunua maandazi kwenye kaunta ile kila alipokuja kuisifu programu yake, akaondoka na nyongeza yake mkononi. Na mimi, mtaalamu niliyeitwa kutoka nje, nilikuwa nimekaa juu ya kiti nikiutafuna upungufu wa duka.

Nilimwita Akello.

"Hiyo moja uliyotia mwisho, umeiandika?"

"Ipi, madam?"

"Ya nyongeza."

Aliacha kupanga trei. "Kwani nyongeza nayo inaandikwa?"

Nilicheka mpaka makombo yakanipalia, na yeye akacheka kwa kuniona nikikohoa, kisha akaacha kucheka ghafla akaweka mkono mdomoni. Alikuwa ameelewa. Akashika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili na mabega yake yakashuka, na mimi nikajifanya kutafuta kitu mkobani ili apumue bila kutazamwa.

Lakini kuelewa ni jambo moja na kumwonyesha Mzee Barasa ni jingine. Kesho yake tuliweka kikombe chini ya kaunta, na kila Akello alipotia nyongeza alidondosha ndani kifuniko kimoja cha soda. Siku nzima nilisikia vile vifuniko vikilia, tin, tin, na nilijisikia vizuri kuliko nilivyojisikia kwa miezi. Jioni tukafungua mashine, ikatoa nambari yake nyekundu. Tukamwaga kikombe mezani mbele ya mzee na Kizza, tukahesabu. Vililingana, isipokuwa kimoja. Hicho kimoja tulikitafuta sana hadi nikakumbuka kwamba asubuhi, kabla hatujaweka kikombe, nilinunua ya kwangu.

Mzee Barasa alikaa juu ya gunia. Alivitazama vile vifuniko.

Kizza ndiye aliyevunja ukimya, maana muuzaji hawezi kuona ukimya akauacha. "Hakuna shida, Mzee. Tutaandika. Andika bei ni sifuri." Akabonyeza. Mashine ikakataa, ikasema bei haiwezi kuwa sifuri. Akajaribu tena kwa kuibembeleza. Ikakataa tena. "Basi tuandike chini ya vilivyoharibika," akasema.

"Hiyo haijaharibika," Akello akasema. "Watu wanakula."

"Ama chini ya wizi. Hapa iko sehemu ya wizi."

Kizza mwenyewe alisikia alichosema na akainamisha kichwa.

"Basi nyongeza iishe," Mzee Barasa akasema kutoka kwenye gunia. "Kumi ni kumi. Mashine itatulia."

Vijana, nataka mjue kwamba hapo niliogopa. Nimeona biashara nyingi zikijipunguza mpaka zikaweza kuingia kwenye mashine, na mara zote nilizoona, mashine ilibaki, wateja wakaondoka. Nilifungua mdomo niseme, lakini Akello alinitangulia. Alisema taratibu, bila hasira, na nadhani ndiyo maana maneno yalimfika.

"Mzee, ni wewe ulinifundisha. Siku ya kwanza. Ulisema, Akello, usifunge karatasi haraka, ongezea mtu. Ulisema hawa wa chai, hiyo moja ndiyo wanakula wenyewe, hizo kumi ni ya kuuza."

Mzee alifumba macho. Ninajua alikuwa anatazama kitu, na hakikuwa pale dukani. Labda ni yeye mwenyewe wakati ule anaanza, na karai moja ya kuazima, barabara ya Nsambya ikiwa na vumbi na watu wachache, na mtu wa kwanza aliyerudi siku ya pili. Nje mvua ya jioni ilikuwa imekatika na kilima chote kilikuwa kinatoa mvuke. Tulimwacha akae huko alikokuwa.

"Haitaisha," alisema mwishowe. "Kizza, chukua hii kitu yako."

Sasa nitamsifu Kizza, maana anastahili. Alifunga mashine, akafika mlangoni, akageuka, akakuna shingo chini ya tai.

"Nnyabo," akaniambia mimi, kwa kuwa aliona haya mbele ya mzee, "iko ingine. Haina langi. Haina picha. Lakini unaweza kuandika jina yoyote unataka, hata kitu haina bei. Na umeme ikipotea, haisahau." Akashusha pumzi. "Kamisheni yake ndogo sana, banange," akasema, kama mtu anayesema jamani.

Nilimwambia ailete. Aliileta Ijumaa, tukaipa wiki ile mbaya yote na nambari zake nyekundu. Ilikuwa programu isiyopendeza hata kidogo, herufi nyeusi kwenye mandhari ya kijivu. Niliunda humo safu moja, nikaiandika Nyongeza, ikakubali. Nilizima umeme kwa makusudi, nikauwasha, nikaikuta palepale nilipoiacha. Nikaichagua hiyo. Ningewaambia ni kwa sababu ya bei, na bei yake ilikuwa nafuu kweli, lakini niliichagua kwa sababu ilimwacha Mzee Barasa aendelee kuwa Mzee Barasa.

Kazi yangu ingeishia hapo. Lakini neno mwizi lilikuwa bado liko nje, barabarani na kwenye bomba la maji, na programu haiwezi kulirudisha. Siku zote hizo mzee alikuwa akipita karibu na Akello na kuomba apewe chumvi, apewe kitambaa, kwa sauti laini, bila kusema lile la kusemwa. Ijumaa jioni alinivuta pembeni.

"Mama Nekesa, mwambie yameisha."

"Mzee," nikamwambia, "mimi ni wa hesabu, si wa posta."

Alinikasirikia. Aliingia jikoni na nikasikia vyombo vikigongana.

Ile Jumamosi ya polisi ikafika. Nilikuja mapema kukaa nyuma ya mashine mpya, kwa kuwa siku ya kwanza ya programu ni kama siku ya kwanza ya mtoto shuleni, inafaa mtu mzima awepo. Ukungu ulikuwa bado uko chini na kengele ya misheni ilisikika kama iko ndani ya pamba. Foleni ilikuwa ndefu. Wake wa polisi walikuwemo, wale wale wa bombani, wanaangalia chini. Bila shaka wengine walikuja kuona Akello atachukuliwaje. Akello alihudumia uso umekaza, anahesabu, anakunja, anaongeza, na mimi nabonyeza.

Ndipo nikamwona Mzee Barasa akitoka jikoni. Alivua aproni, akaitundika msumarini, akazunguka kwa nje, akaenda kusimama mwisho wa foleni. Watu walimpisha, wakamwambia pita, Mzee, duka ni lako. Akatikisa kichwa. Alisogea na foleni taratibu kama wengine, mkono umefumbata pesa yake, mpaka akafika kaunta.

"Nipe kumi," akasema.

Akello alihesabu kumi. Nikabonyeza kumi. Akapokea pesa, akakunja karatasi, akaiweka kaunta, na mikono yake miwili ikabaki juu yake.

"Kumi, Mzee."

Mzee hakuichukua. Karatasi ilikaa katikati yao, na mafuta yalikuwa yameanza kupenya kwenye gazeti. Nyuma, karai ililia peke yake. Nilimwona mzee akiitazama mikono ya Akello, ambayo haikusogea kwenda kwenye trei, na nikaona uso wake ukivunjika.

"Akello," akasema, na alisema kwa sauti ya kumfikia yule aliyesimama mwisho barabarani, "nilikuita mwizi mbele ya hawa watu. Leo nasema mbele yao hao hao, wewe si mwizi. Hujawahi. Mimi ndiye nilikosa, na nilikosa vibaya. Nisamehe, mama."

Akello alijipangusa uso kwa mgongo wa mkono, kwa kuwa viganja vilikuwa na sukari. Kisha akafungua ile karatasi, akageukia trei, akayaacha yaliyo karibu, akachagua andazi moja kubwa la katikati, akalitia ndani. Akanigeukia.

"Madam, andika."

"Niandike nini?"

"Nyongeza. Moja. Ya Mzee Barasa."

Niliandika, na sikuona vizuri nilichokuwa nikiandika, maana nilikuwa nalia na wala sikujificha. Mzee Barasa akalitoa lile moja kwenye karatasi, akalila palepale amesimama kwenye kaunta, polepole, mbele ya foleni nzima, na hakuna aliyemwambia asogee.